Makubaliano ya timu za skuli yetu: shajara ya mradi, kuanzia Januari mpaka karafuu

Januari, skuli zishafunguliwa

Naanza kuweka kumbukumbu hizi kwa sababu walimu wenzangu wa michezo hapa Pemba wananipigia simu kuuliza tumefikia wapi, na kila mmoja namuhadithia nusu, bora yakae pahala pamoja mtu asome achukue linalomfaa. Skuli yetu ni ya sekondari, form one mpaka form four, nje kidogo ya Chake. Tuna mpira wa miguu kwa wavulana, mpira wa pete kwa wasichana, mpira wa mikono kwa wote, na wakimbiaji. Wanaosimamia ni mie, ambae nashika pete na mikono, maalim wa jiografia ambae ndo kocha wa mpira wa miguu, na bi wa nidhamu ambae yupo skuli hii toka zamani mpaka baadhi ya aliowasomesha saivi ni wazazi wa wanafunzi wetu.

Mradi wenyewe ni kuandika makubaliano ya maadili na mwenendo wa wachezaji, yajulikane na mtoto, mzazi na mwalimu kabla hata jezi moja haijagaiwa. Kilichotusukuma ni mechi ya mwaka jana ya ugenini, vijana wetu walimzunguka refa mmoja akamsukuma, alafu usiku wake grupu la WhatsApp likajaa matusi kwa watoto wa skuli ile nyengine, na wengi waliotukanwa ni wasichana ambao hata uwanjani hawakuwepo. Tulivowaita mmoja mmoja, karibu wote wakatwambia hawakujua kama lile ni kosa la timu, wao walidhani timu ni dakika tisini tu. Na pale ukuta wa ofisi pameandikwa kwa rangi ya mafuta NIDHAMU, HESHIMA, BIDII, UPENDO, maneno wanayapita kila siku wakenda kuchukua chaki. Mie naamini watoto wale hawakusema uongo. Hakuna alowahi kukaa nao akawaambia heshima ikiwa uwanjani inafanya nini kwa mikono na miguu na mdomo.

Wiki iliyofuata, kikao cha kwanza chini ya mwembe

Maalim alitaka tuanze kwa kuuliza "mnataka maadili gani", nkamuomba tusiulize hivo mana watatusomea ukuta. Tukauliza mambo mawili: kitu gani mwenzako alikifanya ukafurahi kuwa kwenye timu hii, na kitu gani kilikufanya utake kuacha. Tukawapa vikaratasi waandike bila jina, alafu bi wa nidhamu akavisoma kwa sauti.

Jamani watoto wana macho. Mmoja kaandika kuna watu toka waingie timu hawajawahi kubeba koni wala wavu, kila siku wadogo wa form one ndo wanabeba na kubaki nyuma kukusanya mipira huku giza linaingia. Msichana mmoja kaandika akikosa kufunga kwenye pete kuna wenzake wanaangaliana wanacheka, hawasemi kitu, wanaangaliana tu, na yeye tangu hapo akipata mpira karibu na pete anautoa. Mwengine kaandika alipovunjika kidole kuna mtu kwenye timu alimchukulia daftari lake akamnakilia notsi wiki nzima, na wala sio rafiki yake. Mwengine: mwalimu anapompigia mtu kelele mbele ya watu wa ugenini. Hiki bi wa nidhamu alikisoma kama alivosoma vyengine, taratibu, mpaka mwisho, akakiweka kwenye fungu la vitu vya kufanyiwa kazi, na maalim akaitikia kwa kichwa.

Tukachukua karatasi za manila tukaviandika upya vyote kama vitendo. Koni na mipira inabebwa na wote, kepteni akiwemo, kwa zamu. Mwenzako akikosa, wa karibu yake anamgusa bega au anamwita jina, anarudi kwenye nafasi. Ukichelewa, unamwambia kepteni kabla ya filimbi, sio baada. Hakuna neno "uadilifu" kwenye karatasi ile wala "uwajibikaji", na kila sentensi inaweza kuonekana na mtu alokaa pembeni hajui chochote kuhusu sisi. Hicho ndo kipimo tulichoweka: kama hukioni kikifanyika, hatukiandiki.

Mwisho wa Januari, adhabu

Kikao hiki kilichukua muda mrefu kuliko vyote na naona ndo moyo wa mradi. Tuliwauliza wenyewe mtu akivunja makubaliano afanywe nini. Watoto wakali kuliko sisi! Afukuzwe timu. Apigwe bakora. Azunguke uwanja mara ishirini. Asicheze mwaka mzima.

Bakora nilikataa hapo hapo, na kuzunguka uwanja nikakataa pia na sababu nkawapa: mtoto anaekimbizwa kwa adhabu anajifunza kwamba kukimbia ni adhabu, alafu Machi tunamwambia aje kwenye mbio za mita 1500 tunashangaa kwanini hataki. Kukimbia ndo kazi yetu, hatuwezi kuifanya fimbo.

Msichana mmoja wa mpira wa mikono, golikipa, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, kwanini tusitumie dakika mbili?" Wa mpira wa miguu hawakumfahamu akabidi awaeleze. Kwenye mpira wa mikono mchezaji anaanza kuonywa kwa kadi ya njano, makosa mazito zaidi au ya kurudia anatolewa dakika mbili, timu yake inacheza pungufu, dakika mbili zikisha anarejea na mchezo unaendelea, na akitolewa mara ya tatu hio ni kadi nyekundu harudi tena. Alivomaliza kuwaeleza, mmoja wa mpira wa miguu akauliza, "Kwaio akirudi hakuna anaemsema tena?" Akajibiwa, "Asemwe nini, ishakwisha."

Tukaichukua kama ilivo. Mazoezini ukitukana, ukimsukuma mwenzako kwa hasira, ukikataa kubeba vifaa, unatoka dakika mbili unakaa karibu na kepteni msaidizi, zikisha unaingia, na hakuna mtu, hata kocha, anaeruhusiwa kukuhutubia wakati unaingia. Mara tatu kwa siku moja, siku yako imekwisha, ila huendi nyumbani, unabaki kusaidia kupanga koni na kuhesabu mipira. Mimi nimefundisha miaka na nimeona adhabu zisizo na mwisho zinavofanya, mtoto anakaa wiki anangoja kusamehewa na hajui lini, mwisho anaacha mwenyewe na sisi tunasema hakuwa na nidhamu. Adhabu fupi, inayojulikana kabla, inayomrudisha mtu mchezoni, hio ndo inayofundisha.

Makubwa hayaingii kwenye dakika mbili. Kupigana, kumgusa refa, bangi, wizi, hayo yanakwenda kwa mwalimu mkuu na mzazi anaitwa. Na udhalilishaji wa aina yoyote haumalizwi kwenye timu wala kwa kuombana radhi baina ya familia, tuna Sheria ya Mtoto namba 6 ya mwaka 2011 ya Zanzibar, na njia yake ni ya kisheria. Hili tuliliandika kwa wino mwekundu.

Februari, karatasi ya wakubwa

Kile kikaratasi cha mwalimu anaepiga kelele kilitufungulia ukurasa wa pili. Tukaona hatuwezi kuwasainisha watoto alafu sisi tukabaki huru. Kwaio kuna ukurasa wa makocha na wazazi, na sisi ndo tulosaini mwanzo, mbele yao, kabla wao hawajashika kalamu.

Yaliyomo kwa ufupi. Kocha anamsahihisha mtoto kwa jina na kwa kitendo, hamtaji mzazi wake, umbo lake wala ukoo wake. Mwalimu hamtumii mwanafunzi meseji peke yake, habari za timu zinapita kwenye grupu lenye wazazi ndani, au kwa simu ya mzazi. Hakuna mtu mzima anaempakia mwanafunzi mmoja peke yake kwenye honda au gari baada ya mazoezi, hata kama mvua inanyesha, tunangoja wote. Safari yenye wasichana lazima iwe na mwalimu wa kike. Mechi haibadilishwi matokeo, na jina la mtu ambae si mwanafunzi wetu haliingii kwenye orodha. Hii ya mwisho iwekeni akilini, itarudi.

Kikao cha wazazi kilijaa kuliko nilivotarajia, kina mama wengi zaidi. Suali la kwanza lilikuwa chuo. Mama mmoja akasema mwanawe ana juzuu anazimalizia na maalim wake wa chuoni kashalalamika, mpira huu utamtoa kwenye Kurani? Ni suali la haki kabisa. Tukapanga mazoezi siku zisizogongana na chuo kwa wengi wao, wanaosali wanasali laasiri hapo hapo skuli, na tunafunga saa kumi na moja na dakika arubaini ili kila mtu afike kwao kabla ya magharibi. Na ikaingia kwenye makubaliano: anaekuwa na kazi ya chuo anasema, anakwenda, hakuna dakika mbili wala kununiwa.

Suali la pili ni nguo. Baba mmoja, mtu wa makamo, akanambia kwa upole tu, "Mwalimu, mie sina ugomvi na mpira wa pete, nna ugomvi na zile sketi." Nkamjibu wanetu watavaa suruali ndefu za michezo na mtandio uliobanwa vizuri, na kwamba hili halituzuii kwenda mbali, mpira wa miguu wa dunia uliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014 na mpira wa kikapu ukafuata 2017, kwaio msichana wa Pemba akitaka kufika juu mtandio wake haumkwamishi. Akasaini. Na yeye mwenyewe ndo alopendekeza kifungu ambacho mie sikukifikiria, kwamba mwanamme yeyote anaesimama pembeni ya uwanja akatoa neno juu ya mwili wa mchezaji msichana anaombwa aondoke, na wa kumuomba ni baba wa mmoja wa wachezaji, sio mwalimu.

Machi, Ramadhani

Mazoezi ya uwanjani tumeyasimamisha, anaetaka kutembea kidogo kabla ya futari anatembea. Badala yake tunakaa darasani mara kwa mara tunasoma sheria za michezo, na hapa nataka nikae kidogo mana nimejifunza jambo kubwa.

Nusu ya ugomvi na marefa unatokana na watoto kutojua sheria. Tuliwapa masuali ya kuandika. Wengi wa mpira wa miguu wanaamini kuna ofsaidi kwenye mpira wa kurusha, hakuna, ukipokea moja kwa moja kutoka kwenye kurusha huwi ofsaidi, wala kwenye kona, wala kwenye goli kiki. Wasichana wa pete wanajua huruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu, lakini umbali wa kumzuia mwenye mpira, sentimita 90, kila mmoja alikuwa na kipimo chake, mmoja aliweka mkono mmoja, mwengine hatua mbili. Sasa mtu asiejua sheria akipigiwa filimbi anaona kaonewa, na alieonewa hana sababu ya kuheshimu. Unaweza kumwambia heshimu refa mpaka usiku wa manane.

Kwaio tumeongeza: kila mchezaji atachezesha. Baada ya Idi kila zoezi la Jumamosi lina mechi fupi ya wadogo na refa ni mchezaji wa timu kubwa, kwa zamu, na filimbi tunampa ile ile ya maalim.

Aprili na Mei

Masika. Uwanja upande wa magoli ya kusini ni dimbwi. Tunacheza upande mmoja, pete tunacheza kwenye saruji ya mbele ya madarasa mvua ikikata. Zamu za urefa zinaendelea. Beki wetu mmoja, yule ambae mwaka jana alikuwa wa mbele kabisa kumzunguka refa, ilipofika zamu yake kuchezesha form one alipiga filimbi ya faulo na watoto kumi wakamvamia kwa pamoja kila mmoja anapiga kelele. Akasimama hajui amtazame nani. Akarudi nyuma hatua mbili tatu, mkono umeshika filimbi kifuani, akasema, "Mmoja tu aseme! Mmoja!" Baada ya mechi alikuja kwangu akauliza kama tunaweza kuandika hilo kwenye karatasi yetu, kwamba anaesema na refa ni mmoja tu.

Nkamwambia wakubwa wa mpira wameshafika hapo. Kwenye Euro 2024 kule Ujerumani ilitangazwa kabla ya mashindano kwamba kepteni peke yake ndo anaemfuata refa kuuliza, mwengine akenda anakula kadi ya njano, na akiwa kepteni ni golikipa anachaguliwa mchezaji wa ndani kumuwakilisha. Tumekiandika.

Juni, makepteni

Kwa kuwa kepteni sasa ana kazi nzito, uchaguzi wake tumeuangalia upya. Zamani maalim alikuwa anamvalisha kitambaa mfungaji bora. Sasa wanapiga kura za karatasi, na kabla ya kura kila anaetajwa anaambiwa mbele ya wote kazi zake: kusema na refa, kupokea taarifa za wanaochelewa na wasiokuja, kumtoa mtu dakika mbili hata akiwa rafiki yake. Wawili walijitoa walivosikia hio ya mwisho, na mie nawaheshimu kwa kujitoa. Tuliwahadithia pia kuhusu Nadir Haroub, Cannavaro wetu, Mzanzibari aliekuwa kepteni wa Yanga, wa Taifa Stars na wa Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, na ni beki, si mfungaji. Watoto wa leo wanamjua zaidi kiungo Fei Toto, lakini walipoelezwa kwamba mtu wa nyuma ndo alivaa kitambaa kote kule, kura zikaenda kwa kiungo mkabaji ambae hata jina lake halitajwi na mashabiki.

Mechi ya kirafiki upande wa Wete, mwisho wa mwezi. Tukiwa sare, tukafunga goli, refa akakataa. Mie nilikuwa nimesimama karibu na kibendera cha kona. Niliwaona watano wameshaanza kuondoka kwenda kwa refa, mmoja keshafungua mdomo, na kepteni akanyanyua mkono wa kulia juu, kiganja wazi, hakusema neno. Wakasimama. Mmoja akapiga teke majani, lakini akasimama. Kepteni akenda peke yake, akasema, "Refa, tunaomba kujua kosa." Refa akamuonyesha mkono, yaani mpira uligusa mkono. Kepteni akawageukia wenzake akapiga kiganja kwenye mkono wake kuwaeleza, akarudi kati. Mechi ikaisha sare na refa yule, mtu mzima, akaja kumuuliza maalim hawa watoto mumewafanya nini.

Julai, grupu la WhatsApp

Kwa ufupi. Grupu la zamani limefutwa. Jipya lina wazazi, admini ni bi wa nidhamu na makepteni. Picha ya mchezaji wa timu nyengine haitumwi. Baada ya mechi, tukishinda au tukifungwa, hakuna kuandika kitu kuhusu wapinzani mpaka kesho yake asubuhi. Hio ya "mpaka kesho asubuhi" waliitunga wenyewe na inafanya kazi kuliko katazo lolote, mana asubuhi hakuna anaekumbuka alichotaka kutukana.

Agosti, mamluki

Hapa ndo pakuu. Mashindano ya skuli ya Septemba yamekaribia, yale yanayofanyika na tamasha la Elimu Bila Malipo, kukumbuka tarehe 23 Septemba 1964 ilipotangazwa elimu ya bure Zanzibar. Kuna mtu mmoja anatusaidia usafiri na maji, mtu mwema, anaipenda skuli hii kwa dhati. Akatufuata mie na maalim na vijana wawili, wamemaliza skuli, wanacheza kwenye timu za mtaani za Central, moja ya madaraja ya vijana, akasema wavalishwe yunifomu tu, mbona wengine wote wanafanya, nyinyi mtakuwa watakatifu peke yenu mpaka lini.

Sitaki kumdhalilisha mtu. Anachokisema kuhusu wengine kipo, kila mwalimu wa michezo nchi hii anajua mamluki ni nini, mchezaji asie wa skuli anaevalishwa jezi yake, na anajua kijeba, aliepita umri, akicheza na watoto alivyo. Lakini sisi tuna karatasi na saini zetu zipo juu ya saini za watoto. Maalim akamjibu kwa adabu, "Kaka, tumeshasaini." Akatuambia karatasi zinachanwa.

Kesho yake tukawakusanya wachezaji wa mpira wa miguu tukawaambia wazi kilichotokea, bila ya jina la mtu, mana kama hatukuwaambia sisi wataambiwa na mtaa. Kukawa na ubishi wa kweli, wako waliotaka wale vijana waje, hawajawahi kufika fainali na form four mwaka huu ndo wa mwisho kwao. Hawa mie nawafahamu vizuri sana. Alafu winga wetu wa kushoto, mtoto mkimya, akauliza, "Sasa akija wa kushoto, mie nakaa wapi?" Akauliza kweli, anataka kujua akae wapi. Hapo wengine wakanyamaza, na waliokuwa wakitaka wakaanza kuhesabu majina, nani atatoka, nani atakaa benchi. Mamluki watu wanamzungumza kama jambo la sheria na cheti cha kuzaliwa, na ni kweli ni udanganyifu, lakini kila mamluki anaeingia kuna mtoto mmoja mwenye jina anatoka, na mtoto yule ndo tulomfungulia timu.

Tulikataa. Gari likaondoka pamoja na jibu letu. Wazazi wakachangishana, wengine walitoa shilingi mia tano mia tano, tukakodi daladala. Na tukaanzisha desturi: orodha yetu ya wachezaji yenye picha na namba ya usajili ya skuli tunaikabidhi kwa timu pinzani kabla hawajaiomba. Timu ya kwanza tulioikabidhi mwalimu wao aliiangalia, akaikunja, akaenda kuzungumza na wenzake pembeni, na waliporudi wachezaji wao wawili hawakuvaa jezi siku ile.

Septemba, mashindano

Mpira wa miguu tumetolewa mapema, tumefungwa kwa haki. Vijana walilia, tukawaacha walie. Kwenye daladala wakaanza wenyewe kuizungumza ile Zanzibar Heroes ya 2017, fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Machakos, 2-2 na Kenya alafu penalti zikatuangusha, na mpaka leo watu wanaitaja timu ile kwa fahari. Wasichana wa mpira wa mikono wamefika mbali zaidi ya miaka yote nnayoikumbuka. Yule golikipa wa dakika mbili katolewa dakika mbili kwenye mechi ngumu kuliko zote, akakaa, akatazama saa, akarudi, akazuia penalti.

Tatizo jipya ni mashabiki. Wachezaji wana karatasi, wanafunzi wanaokuja na ngoma hawana. Walianza kuimba wimbo wa kumtukana msichana wa timu pinzani kwa rangi yake. Kepteni wa pete akenda mpaka kwenye jukwaa wakati wa mapumziko, jasho linamtoka, akawaambia kama wimbo ule unaendelea timu yake haiingii kipindi cha pili. Ngoma ikabadilishwa. Ujasiri ule ni wake, lakini haifai mzigo ule abebe mtoto wa miaka kumi na sita, kwaio kiongozi wa ngoma na viranja wataingia kwenye kusaini.

Oktoba, karafuu

Mazoezini nusu hawapo, na ni sawa. Msimu wa karafuu ndo unaolipa yunifomu, madaftari na dawa za bibi. Kuna kocha angesema asiekuja hachezi. Kwetu anaekwenda kuchuma anatoa taarifa kwa kepteni tu. Juzi kepteni kanisikilizisha voisi noti ya kiungo wetu, unasikia majani na mtu wa chini anapiga kelele tupa kamba, na yeye anasema kwa pumzi fupi, "Kepteni, nipo juu ya mti, leo siji, kesho nachambua, keshokutwa nakuja." Mtu anaetoa taarifa akiwa juu ya mkarafuu mie sina la kumfundisha kuhusu kuwajibika.

Tulichoongeza ni usalama. Matawi ya mkarafuu yanakatika kirahisi na kila msimu watu wanaanguka. Anaetoka mashamba hafanyi mazoezi ya nguvu siku ile, mikono na mabega yameshafanya kazi, anafanya ya miguu na kunyoosha viungo. Na wale wanaocheza mtaani kwenye madaraja ya watoto, Junior na Juvenile, tumezungumza na makocha wao, siku za skuli ni za skuli, siku za klabu ni za klabu, mtoto asivutwe huku na huku.

Yaliyobaki kabla ya Januari. Form four wanaingia mitihani Novemba kwaio wametoka timu, jezi zimerudi, zimehesabiwa, mbili hazipo na wenyewe wanajulikana. Karatasi nzima inapunguzwa iwe ukurasa mmoja wa watoto na mmoja wa wakubwa, ukurasa wa mashabiki bado unaandikwa na viranja. Form one wapya watasomeshwa makubaliano na form three, sio na sisi. Bi wa nidhamu anatafuta pesa za fotokopi. Skuli inayotaka nakala ije na karatasi zake, ila nawaomba msiisainishe kama ilivo, wakalisheni watoto wenu chini ya mti wenu muwaulize yale masuali mawili kwanza, mana yetu ina mambo ya kwetu. Jumamosi hii tunachagua makepteni wapya.